Kabla Hujagusa Kizazi, Uliza Mkojo

Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa uuguzi aliniandikia saa nane usiku. "Sista, nimefeli mtihani wa vitendo, kituo cha mama baada ya kujifungua. Nilijua kila kitu. Nifanyeje?" Niliusoma ujumbe nikiwa zamu, nikacheka, kisha kicheko kikaisha ghafla. Ile sentensi ya katikati niliwahi kuisema mimi mwenyewe, neno kwa neno, nikiwa nimejifungia chooni nalia na sare yangu mpya iliyopigwa pasi.

Ndiyo, mdogo wangu. Nami nilifeli kituo hichohicho.

Kitandani palikuwa na mwanasesere, mezani mtahini, na ukutani saa ya dakika 10. Nilitiririka kama maji ya bomba. Kizazi baada ya kujifungua huwa karibu na usawa wa kitovu, hushuka takriban upana wa kidole kimoja kwa siku, na siku ya 10 hadi 14 hukipapasi tena tumboni. Damu ya uzazi huanza nyekundu, huwa ya kahawia au waridi, mwisho huwa nyeupe ya manjano. Presha ikifika 140/90, mtaarifu daktari. Nilikuwa najisikia raha mpaka mtahini aliponikatiza, "Amekojoa?"

Nikamuuliza, "Nani?"

Akafunga faili. Mlango ulikuwa wazi na wenzangu wawili wanasubiri zamu yao. Akasema kwa sauti, "Umekariri vizuri. Hujauguza mtu." Miaka mingi imepita na bado nalisikia lile faili likifungwa. Sisemi alikosea. Nasema angeweza kusubiri mlango ufungwe.

Kwa nini mkojo? Kibofu kikijaa hukisukuma kizazi juu na pembeni, mara nyingi upande wa kulia, na kizazi kilichosukumwa hakijikazi vizuri. Kisipojikaza, mishipa ya pale kondo la nyuma lilipong'oka hubaki wazi na damu inatoka. Kulegea kwa kizazi ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya mama kutokwa na damu nyingi baada ya kuzaa. Ukimpapasa mama mwenye kibofu kilichojaa utapata kipimo cha uongo, na utamuumiza bure. Haya yote nilikuwa nayo kwenye daftari, nimeyapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Marudio nilifaulu, tena kwa alama za juu darasani, na hilo nalisema bila haya. Lakini kilichonifundisha ni usiku mmoja mwaka wangu wa kwanza kazini.

Wodi ya wazazi ilikuwa imejaa. Mama mmoja alikuwa na saa mbili tangu ajifungue salama, mtoto ananyonya, kondo limetoka lote, sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, ya uniti 10 alichomwa mapema. Nikapita na mashine ya presha: 118/74. Nikaandika "hali nzuri" nikasogea kitanda kinachofuata. Mapigo ya moyo yalikuwa 116 kwa dakika. Niliyaona, nikayaandika, hayakuniambia kitu. Hapa nataka usome polepole: mama kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi na presha ikabaki palepale, kwa sababu mwili unakaza mishipa na moyo unakimbia kufidia. Mapigo hupanda kwanza. Presha ikianza kushuka, umeshachelewa sana.

Aliyeona damu si mimi. Ni mama mhudumu wa usafi, aliyekuwa akipiga deki. Aliniita kwa sauti ya chini, "Sista, hebu njoo utazame shuka huku nyuma." Pedi mbele ilikuwa nusu tu. Chini ya makalio damu ilikuwa imetuama, imefika mgongoni.

Nikaweka mkono tumboni. Kizazi laini kama unga uliokandwa, kiko juu ya kitovu, kimelala kulia. Na sauti ya yule mtahini ikanijia kama yuko nyuma yangu: amekojoa? Hakuwa amekojoa tangu leba. Nikaita msaada, mkono mmoja nikaushikiza juu ya kinena kukizuia kizazi kisisukumwe chini, wa pili nikasugua juu yake kwa mzunguko. Mwenzangu akaweka mpira wa mkojo, ukatoa zaidi ya mililita 700. Dripu ya oksitosini ikaanza. Ndani ya dakika chache nikakisikia kikigeuka chini ya kiganja, kutoka unga hadi jiwe, kikarudi katikati. Tukapima shuka na pedi kwenye mizani, gramu moja kwa mililita moja, tukatoa uzito wa vitambaa vikavu. Ilikuwa imeshavuka ile mililita 500, mpaka wa damu kuitwa nyingi, tunayoitaja kwenye mitihani kama wimbo. Mama alipona, akaenda nyumbani na mwanawe.

Asubuhi, kwenye kukabidhiana zamu, msimamizi wangu alilisimulia tukio lote kwa kusema "tuligundua mapema". Jina langu halikutoka. Niliumia, na nikiri kwamba bado nikikumbuka naumia kidogo.

Sasa ushauri, kwa sababu ndicho ulichoniomba. Mkono kwanza, kalamu baadaye. Saa ya kwanza baada ya kujifungua, kila dakika 15 mpapase mama, tazama pedi, kisha pitisha mkono wenye glavu chini ya mgongo na makalio. Usikubali kuandika kitu ambacho hujakigusa au kukiona. Ninyi wa siku hizi mnapenda kujaza chati nzima kwa mkupuo mwisho wa zamu, nawajua, na wengine ni wenzangu wenye vyeo. Acheni. Mapigo yaliyobuniwa hayamsaidii mtu.

Kwa mtoto ni vilevile, mkono kwanza. Mkaushe mara anapotoka, ondoa kitambaa kilicholowa, mweke kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, mfunike pamoja na kichwa. Joto la kwapani liwe kati ya 36.5 na 37.5, na kuoga kusubiri saa 24. Pumzi zake hesabu dakika nzima ukitazama saa, usihesabu sekunde 15 ukazidisha mara nne, maana mtoto mchanga hupumua kwa vipindi, anakwenda mbio kisha anatulia sekunde kadhaa. Ukihesabu kwa mkato utampa ugonjwa asionao au utamnyima alionao.

Na alama za Apgar, zile anazopewa mtoto mchanga kwa hali yake mara tu anapozaliwa! Kila mwaka nakutana na mwanafunzi anayesubiri dakika ya kwanza ifike ndipo aamue kama mtoto asiyepumua asaidiwe. Virginia Apgar, daktari wa usingizi wa Marekani aliyebuni kipimo hicho mwaka 1952, alitaka watu wamtazame mtoto ambaye zamani aliachwa pembeni wote wakimhudumia mama. Wewe unakitumia kusimama na kumtazama tu. Mtoto aliyekaushwa na kusisimuliwa bila kuvuta pumzi anahitaji hewa ndani ya dakika hiyo ya kwanza. Alama zitaandikwa, hazikimbii.

Mengine unayajua: mikono kwa sabuni sekunde 40 hadi 60, asiyeweza kujigeuza ageuzwe mara kwa mara, na mgonjwa aulizwe "jina lako nani?" badala ya "wewe ndiye fulani?", kwa sababu mwenye usingizi au homa huitikia ndiyo kwa jina lolote.

Wasikilize pia walio karibu na kitanda kuliko wewe: ndugu wa mgonjwa, mgonjwa wa jirani, anayepiga deki. Nimehubiri hili kwa wanafunzi wengi, na kila nikilihubiri nakumbuka kwamba asubuhi ile, nilipopewa nafasi ya kuongeza neno, nilieleza nilivyosugua kizazi, nilivyokumbuka kibofu, nilivyoita msaada. Yule mama mhudumu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. Sikumtaja. Nilikuwa nimeshughulika na kulilia jina langu. Alistaafu kabla sijapata ujasiri wa kumshukuru mbele ya watu.

Umesema marudio ni Jumatatu. Ukiingia kituoni nawa mikono, jitambulishe, mwulize mwanasesere jina lake, kisha mwulize kama amekojoa. Wakicheka, waache wacheke.