Usingoje Ini Likuume

Barua za mwezi huu zimetoka Arua, Lira, Buliisa, Kampala na Bombo, na karibu kila moja ina maneno haya: "lakini sisikii maumivu." Mimi ni muuguzi, nimekaa wodini miaka mingi kabla ya kuingia katika kazi ya utafiti, na maneno hayo yananinyima usingizi. Nyama ya ini yenyewe haisikii maumivu. Kinachouma ni ngozi nyembamba inayolifunika, nayo huanza kuuma ini likishavimba na kuivuta. Ndiyo maana mtu hulima, huendesha boda, huzaa na kulea, huku ini lake linaota makovu.

Mume wangu alipimwa damu akakutwa na homa ya ini B. Ana nguvu zake zote. Mama mkwe amemtengea sahani na kikombe, na watoto wamekatazwa kumkaribia. Ni sawa? (Mke wa dereva, Arua)

Dada yangu, leo hii rudisha sahani hiyo pamoja na zenu. Homa ya ini B haiambukizwi kwa chakula, kikombe, kukumbatiana wala kupeana mkono. Hupita kwa damu na majimaji ya mwili: tendo la ndoa, wembe, sindano, na mama kumwambukiza mtoto wakati wa kuzaa. Vya kutenga ni wembe wake, mswaki wake na kikata kucha. Mama mkwe mweleze kwa upole. Pengine aliwahi kumzika mtu mwenye macho ya manjano na tumbo lililojaa maji, na hofu hiyo haimtoki.

Wewe na watoto mkapimwe. Asiye na kirusi achanjwe: sindano tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Chanjo hii iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga hapa Uganda mwaka 2002, kwa hiyo waliozaliwa baadaye huenda walishaipata. Angalia kadi zao. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo ilitupita. Uchunguzi wa taifa wa 2016 na 2017 ulikuta watu wazima 4.3 katika kila 100 wana kirusi hiki, wanaume wengi kuliko wanawake, kaskazini zaidi kuliko kusini magharibi. Kampeni ya kupima na kuchanja watu wazima ilianzia kaskazini mwaka 2015 kwa sababu hiyo.

Sasa mumeo. Kukutwa na kirusi si kusema aanze dawa kesho. Atahitaji kipimo cha wingi wa virusi, vipimo vya ini kwenye damu, kipimo cha VVU, na picha ya ultrasaundi. Vikionyesha anahitaji dawa, atapewa tenofovir, kidonge kimoja kila siku. Ni dawa ileile inayotumika pia kwa VVU, na najua majirani wakiiona watasema. Waache waseme. Kuiacha ghafla bila daktari kunaweza kuamsha kirusi kwa ukali mkubwa.

Na hata asipopewa dawa, daktari akimpangia picha ya ini kila miezi sita, asikose. Huko Shanghai, China, watafiti waliwafuatilia watu 18,816 waliokuwa na homa ya ini B au waliowahi kuugua ini. Kundi moja lilipimwa damu na kupigwa picha kila miezi sita, lingine liliachwa na matibabu ya kawaida. Vifo vya saratani ya ini katika kundi lililopimwa vilipungua kwa asilimia 37, ingawa wengi hawakuhudhuria vipimo vyote. Uvimbe mdogo unaweza kukatwa. Ule unaoshikika kwa mkono, mara nyingi muda wake umepita.

Karanga zangu zilinyeshewa zikaota ukungu kidogo. Nikizikaanga sana, au mke wangu akizisaga odii (siagi ya karanga), sumu si itakwisha? (Mkulima, Lira)

Haitakwisha, mzee wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili kwa sababu najua gunia hilo ni ada ya shule, na jibu langu linauma. Ukungu ule huacha sumu inayoitwa sumukuvu. Moto wa jikoni huua ukungu, lakini sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje hubaki hata ukikaanga, ukichemsha au ukisaga.

Dunia iliijua sumu hii kwa njia ya ajabu. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa, na chanzo kikafuatwa hadi kwenye mashudu ya karanga waliyolishwa. Miaka michache baadaye utafiti ukaja kwetu. Kati ya 1966 na 1967 zilikusanywa sampuli 480 za chakula kilichowekwa akiba katika sehemu mbalimbali za Uganda, na asilimia 29.6 zikakutwa na sumukuvu. Matokeo yalichapishwa 1971: sumu ilionekana mara nyingi zaidi hasa katika maeneo yenye saratani nyingi ya ini. Nawatajia utafiti huu kila ninapopata nafasi, kwa kuwa ni chakula chetu kilichopimwa, na watu wengi wa hapa hawajawahi kuusikia.

Jambo linalonitisha zaidi lilionekana Shanghai, katika utafiti mwingine wa wanaume zaidi ya 18,000. Waliokutwa na sumukuvu mwilini peke yake walikuwa na hatari ya saratani ya ini zaidi ya mara tatu ya wenzao. Wenye kirusi cha homa ya ini B peke yake, kama mara saba. Wenye vyote viwili, karibu mara 60. Tazama sasa upande wako wa nchi: kirusi kipo, karanga zipo, ufuta upo, na mvua hunyesha wakati wa kuanika.

Basi fanya hivi. Anika juu ya turubai, si kwenye udongo. Usilowanishe maganda ili yamenyeke upesi. Najua kumenya karanga kavu kunachubua vidole, lakini maji hayo ndiyo karamu ya ukungu. Menyeni, kisha mchambue kwa mkono punje moja moja: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye vumbi la kijani au la njano zitoke. Usile zile ulizozitoa. Usizisage, wala usimuuzie msaga odii kwa bei ya chini, maana ukishasaga hakuna jicho litakaloona kitu na zitarudi mezani kwa jirani yako. Kuku watadhurika nazo, na ng'ombe akizila sumu hutokea kwenye maziwa. Zifukie.

Kama unaona nazidisha, kumbuka mwaka 2004 upande wa mashariki wa Kenya, watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu hii. Hao walikufa haraka kwa sababu sumu ilikuwa nyingi mno. Sisi tunakula kidogo kidogo kwa miaka.

Nimeombwa kushiriki utafiti wa dawa ya ini. Kaka yangu anasema watatujaribia dawa kama panya, na damu yetu itauzwa. Niende? (Kijana, Kisenyi, Kampala)

Mdogo wangu, kaka yako anakupenda, na swali lake lina haki. Nitakwambia kwanza kwa nini natamani watu wetu wawemo, kisha namna ya kujilinda.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 2,566 wa saratani ya ini kutoka nchi tisa za Afrika, Uganda ikiwemo. Misri, ambako wengi hugunduliwa mapema na kutibiwa, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 10.9. Katika nchi nane zilizobaki, miezi 2.5. Umri wa kati wa wagonjwa wa nchi hizo nane ulikuwa miaka 46. Mtu wa miaka 46 ana watoto shuleni na wazazi wanaomtegemea. Sasa linganisha na jaribio lililoleta sorafenib, kidonge cha kwanza kuthibitika kurefusha maisha ya mwenye saratani ya ini iliyoenea. Lilichapishwa 2008, lilikuwa na wagonjwa 602, na vituo vyake vilikuwa Ulaya, Amerika na Australasia. Hapa kwetu saratani hii huja mapema, mara nyingi kwa kirusi cha B na sumukuvu. Nani atajua dawa inatufaa kiasi gani ikiwa hatumo?

Lakini usitie sahihi kwa maneno yangu. Utafiti wa dawa kwa watu hapa Uganda lazima upitishwe na kamati ya maadili, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Omba kuonyeshwa vibali. Fomu ya ridhaa usomewe kwa lugha unayoielewa vizuri, na upewe nakala uende nayo nyumbani. Soma na kaka yako. Uliza damu itachukuliwa kiasi gani, itahifadhiwa wapi, na kama itapelekwa nje ya nchi, maana hilo huhitaji makubaliano ya maandishi. Uliza kama kuna kundi litakalopewa kidonge kisicho na dawa, na kundi hilo litatibiwa vipi. Uliza nani atakutibu ukidhurika, na kama dawa ikifaa utaendelea kuipata utafiti ukiisha. Hela ya nauli na fidia ya muda wako ni haki. Hela nyingi za kukufumba macho ni dalili mbaya.

Na unaweza kutoka siku yoyote bila kupoteza matibabu yako ya kawaida. Niliwahi kumwona mtafiti akimkaripia mama aliyetaka kujitoa. Nilisimama upande wa mama yule, na ningesimama tena.

Kaka yangu ni mvuvi wa Ziwa Albert. Ametapika damu nyingi mara mbili. Wengine wanasema alsa (vidonda vya tumbo), wengine wanasema amerogwa. (Buliisa)

Akitapika tena, mpakieni kwenye chombo chochote cha haraka mwende hospitali usiku huohuo. Huenda ni vidonda vya tumbo, lakini kwa mvuvi wa ziwa hilo mimi hufikiria kwanza kichocho cha matumbo. Minyoo yake hukaa kwenye mishipa ya utumbo na kutaga mayai, mengine husombwa na damu hadi kwenye ini. Ini huota makovu kuzunguka mishipa, damu ikikosa njia hujaa kwenye mishipa ya koo la chakula, nayo huvimba na kupasuka. Hospitali yenye kamera ya tumbo inaweza kuifunga mishipa hiyo, na kuna vidonge kama propranolol vya kupunguza msukumo wa damu.

Prazikwanteli ile ya kugawiwa kijijini huua minyoo, ila haifuti kovu kubwa lililokwisha kukaa. Wengi huikwepa kwa sababu inaleta kizunguzungu na kuumwa tumbo. Wale kwanza, ndipo wameze. Na watoto wenu wasikose, wengi wao bado hawana kovu kubwa.

Nina alsa mwaka wa sita. Nanunua omeprazole duka la dawa, napata nafuu, inarudi. (Mwalimu, Kampala)

Mwalimu, vidonda vingi vya tumbo husababishwa na bakteria, Helikobakta pailori, na omeprazole, dawa ya kupunguza asidi tumboni, peke yake haimuui. Madaktari wengi walilikataa jambo hili hadi Barry Marshall wa Australia alipokunywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984 na kuugua tumbo ndani ya siku chache. Yeye na Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel 2005.

Omba kipimo cha choo. Kile cha damu kinaweza kusoma ugonjwa uliokwisha kupona. Acha omeprazole wiki mbili kabla ya kupima. Ukikutwa naye, utapewa antibayotiki za aina mbili au zaidi pamoja na omeprazole, kwa kawaida siku 14, na umalize zote. Niambie pia kama unameza diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kwa ajili ya mgongo. Hiyo nayo hutoboa tumbo. Choo cheusi kama lami, kukonda, au chakula kukwama kooni: usingoje kipimo, nenda hospitali.

Binti yangu wa bweni anakaa siku tano bila choo. (Bombo)

Posho (ugali) nyeupe na mkate mweupe, maji kidogo, na vyoo asivyovipenda. Mpe maharage, matunda, mboga, mahindi yasiyokobolewa akiwa likizo. Daktari Denis Burkitt, aliyekuja Uganda 1946 na kuanzia kazi Lira kabla ya Mulago, alijenga hoja yake maarufu ya faida ya makapi (nyuzinyuzi) ya chakula kwa kulinganisha choo cha wanakijiji wa Afrika na cha Waingereza. Choo cha watu wetu kilikuwa kingi zaidi kwa mbali. Akianza kutoa damu au kukonda, apelekwe akapimwe.

Nina mimba ya miezi mitano, kliniki imenikuta na homa ya ini B. Niache kumnyonyesha mwanangu? (Arua)

Nyonyesha, mama. Hatari iko kwenye saa za kuzaa. Kati ya watoto 100 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, karibu 90 hubaki na kirusi maisha yote. Kwa mtu mzima ni chini ya watano. Kwa hiyo mtoto wako anahitaji sindano ya homa ya ini B ndani ya saa 24 za kwanza, halafu zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ile ya wiki ya sita peke yake itakuwa imechelewa kwake.

Wiki hii rudi kliniki uulize mambo mawili: kama unahitaji tenofovir kwa miezi iliyobaki, na kama pale utakapozalia sindano ya siku ya kwanza ipo. Kama haipo, tafuta sasa hospitali iliyonayo, na usizalie nyumbani. Jibu la kipimo liandikwe kwenye kadi yako. Atakayekusindikiza ajue kwamba kazi yake siku hiyo ni kuidai sindano, kwa sababu wewe utakuwa umechoka.