Majimoto kwenye mikorosho: usipulize dawa kwanza

Pole sana ndugu yangu, na pole kwa watoto. Nimekuelewa: majimoto, wale sisimizi wanaoshona viota vya majani mitini, wamejaa kwenye mikorosho karibu na nyumba, wanawauma watoto, na unataka kupuliza dawa uwamalize. Nakusihi usifanye hivyo. Hao ndio wanaomla mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi mpaka yanakauka. Ukiwaua, mbu huyo atabaki bila mlinzi wa kumzuia.

Shida yako hasa ni matawi yanayogusa paa na njia. Yakate, maana majimoto hupita juu kwa juu, tawi hadi tawi. Viota vyao, yale majani mabichi yaliyoshonwa kwa nyuzi nyeupe, watoto wasivitikise. Ukilazimika kupanda mti, nenda alfajiri kukiwa na ubaridi. Sisi hujipaka majivu mikononi na miguuni.

Mtoto akiumwa, mbandue mdudu. Hung'ang'ania kwa meno huku akimwagia tindikali kwenye jeraha, ndiyo maana panawaka moto. Osha kwa maji na sabuni. Tindikali ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi safi, kisha zahanati. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, mkimbize hospitali papo hapo.