Je, Savitribai Phule alibebwa na mumewe?

SWALI: Shikamoo Bibi. Kwenye kikundi chetu cha akina mama hapa Korogwe tulikuwa tukimzungumzia Savitribai Phule, yule mwalimu wa India wa zamani. Mwenzetu akasema sifa zote ni za mumewe, Jyotirao, mke alifuata tu. Tena akauliza: mtu aliyesomesha wasichana, mambo ya kuvumiliana yanamhusu nini? Nilikosa la kujibu. – Mwalimu wa darasa la nne

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzenu ana nusu ya ukweli. Savitribai, aliyezaliwa 1831, aliolewa angali mtoto, na mumewe ndiye aliyemfundisha kusoma. Mwaka 1848 wakafungua shule ya wasichana mjini Pune. Lakini aliyekuwa akipita barabarani kwenda kufundisha ni mke. Watu walimrushia matope na kinyesi cha ng'ombe, naye akawa anatoka nyumbani na sari ya pili. Akifika anabadilisha, somo linaanza. Mume akafariki 1890. Desturi ilitaka mwanamume ndiye atangulie na chungu cha moto kwenda kuchoma maiti. Savitribai akakibeba mwenyewe. Tauni ilipoingia Pune 1897, alikuwa akiwapeleka wagonjwa kwenye zahanati ya mwanawe wa kulea, Yashwant, mpaka ikamwua naye. Huyo anamfuata nani?

Hilo la kuvumiliana ndilo linalonisisimua zaidi. Baba mkwe alipowafukuza kwa sababu ya shule hizo, aliyewapa pa kukaa ni Mwislamu, Usman Sheikh, na Fatima Sheikh, dada yake Usman, akafundisha bega kwa bega na Savitribai. Mwaka 1868 akina Phule wakafungua kisima cha nyumbani kwao kwa watu ambao Wahindu wa matabaka ya juu waliona hata kivuli chao ni najisi. Maji, mwanangu! Kuhubiri ni rahisi. Kumwachia mtu achote kwenye kisima chako huku majirani wakikususa ni jambo jingine.

Na ipo barua aliyomwandikia mumewe 1856, akiwa anaugua kwa wazazi wake. Anasimulia jinsi kaka yake alivyomkemea kwa kuwahudumia Wamahar na Wamang, waliohesabiwa najisi, kwamba yeye na mumewe wanaiaibisha familia. Dada mtu akamjibu: wewe unamkumbatia ng'ombe na mbuzi, siku ya sikukuu unamkamata nyoka mwenye sumu ukamnywesha maziwa, halafu binadamu mwenzako hutaki hata kumgusa? Katika barua hiyohiyo anamtaja Fatima, kwamba lazima kazi imemwelemea lakini ana hakika hatalalamika.

Kwa darasa lako la nne, anza na nyoka huyo. Tarehe zitakuja baadaye, na wale wa nyuma wanaosinzia wataamka wenyewe.