Umeitwa chuo hiki, somo liko kwa jirani: kabla hujajibu barua

Mdogo wangu wa Likoni, Mombasa, swali lako nimelisoma mara mbili. Umeitwa na vyuo viwili vidogo Marekani, kimoja Claremont kule California, kingine bonde la mto Connecticut, Massachusetts. Unataka sayansi ya bahari, siku moja uombe kazi KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale Mkomani. Hakuna kati ya hivyo viwili chenye somo kuu (wao huita major) kwa jina hilo, na barua zote mbili zinakwambia usijali, vyuo jirani vipo, madarasa yao ni yako. Unauliza kama hilo ni kweli au ni maneno ya kuuzia.

Ni kweli. Mimi nimesoma bonde hilo miaka minne, chuo cha wanawake, na sasa kazi yangu ni mikoko ya mkono wa bahari wa Tudor. Mama alifurahi sana kusikia ni chuo cha wanawake watupu. Habari ya basi linalotupeleka kwa wavulana, na kuwaleta wao kwetu, nilimpa mwaka wa pili.

Kwa wengine wanaofuatilia: bonde lile lina Amherst, Smith, Mount Holyoke, Hampshire na Chuo Kikuu cha Massachusetts. Vile vinne vingine, bila Hampshire, vilisajili ushirika wao 1965, Hampshire ikafungua milango 1970. Unalipa karo kwenu tu, unakwenda kukaa darasani kwa jirani, na alama zinarudi kwenye hati yako ya matokeo. Hebu waza mwanafunzi wa TUM, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa pale Tudor, ajiandikishie yuniti moja kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi hapa mjini, asilipe tena, na Tudor waihesabu. Sisi ambao KUCCPS, ile ofisi ya serikali ya kugawa nafasi za vyuo, ikishakupangia kozi umeolewa nayo, jambo hilo lilinikaa kichwani wiki nzima kama ndoto.

Sasa shika hapa, maana ndipo wengi huteleza. Kuchukua darasa kwa jirani ni jambo moja. Kuhitimu na somo kuu la jirani ni jambo jingine kabisa, na kila muungano una desturi yake.

Claremont, vile vyuo vitano vya shahada ya kwanza vimepakana, Pomona ndicho kikongwe, cha 1887. Kama chuo chako hakina somo fulani, unaweza kuomba ulifanye kama somo kuu chuo jirani, na shahada ikatoka kwako. Kama kwenu somo hilo lipo, utalifanya kwenu, hata kama mwalimu unayemtamani yuko ng'ambo ya barabara. Huko Pennsylvania, Haverford na Bryn Mawr wameshikana zaidi: mtoto wa Haverford akitaka jiolojia, idara iko Bryn Mawr, anaifanya huko kama somo kuu na mambo yanakwenda.

Kwetu bondeni hali haikuwa hivyo. Madarasa tuliazima kwa wingi, lakini somo kuu kwa kawaida ni la nyumbani, isipokuwa idara chache ambazo vyuo vinaziendesha pamoja, kama elimu ya nyota na dansi. Wala usife moyo, kwa sababu kuna kitu kinaitwa cheti cha vyuo vitano, na kimojawapo ni cha sayansi za pwani na bahari. Ndicho nilichokifanya mimi. Somo kuu langu biolojia, la nyumbani, na juu yake cheti hicho ambacho madarasa yake nilikuwa nayaokota huku na huku. Ajabu yake ni kwamba bahari yenyewe iko mbali, ukitoka bondeni ni safari. Mtoto wa Kibokoni nikajifunza mawimbi mbele ya theluji.

Kwa hiyo usichague chuo kwa unene wa orodha ya madarasa ya majirani. Chagua kwa idara itakayoketi na wewe miaka yote: mshauri wako, maabara unayoweza kuingia saa nne usiku, mwalimu atakayekuandikia barua. Cha jirani ni kitoweo, wali uwe wako.

Halafu kuna basi. Umezaliwa Likoni, kwa hiyo kungoja sina haja ya kukufunza. Kutoka Amherst hadi Northampton, mji wa Smith, ni kilomita kumi na kitu, karibu na ukitoka mjini kwenda Shanzu. Basi la B43 linapita daraja la Coolidge juu ya mto, na mwanafunzi halipi nauli. Kwa karatasi ni safari fupi. Lakini darasa la saa moja na robo lilinila mchana mzima: kutoka mapema, kufika mapema, kumaliza, kusimama kituoni. Muhula mmoja maabara yetu ilikuwa inakwisha jua limezama, na Desemba kule jua linazama saa kumi na nusu alasiri. Nasimama kituoni mtandio umeganda upande wa mdomo kwa pumzi yangu mwenyewe, nahesabu taa za magari. Siku moja chuo cha jirani kilikuwa kimefungwa kwa theluji na changu hakikufungwa. Nimefika, mlango umefungwa, niko peke yangu na basi la kurudi bado. Claremont adha hiyo huna, unatembea kwa miguu toka chuo hadi chuo. Ungekuwa mdogo wangu wa damu, hilo pekee lingenifanya nikuvutie upande wa California.

Nafasi pia. Darasa dogo likijaa, wenyeji kwanza. Muhula wa kwanza kabisa usitegemee kutoka, kwetu mwanafunzi mpya alikuwa kwa kawaida anabaki nyumbani kwanza.

Kosa langu nitakwambia ili usilirudie. Mwaka wa pili nilichukua hisabati kwa jirani, ikanishinda, wiki ya tano nikaacha kwenda. Nikamuaga mwalimu kwa barua pepe, akanitakia heri, nikadhani yamekwisha. Kumbe mwalimu wa jirani hakuondoi. Anayekuondoa ni msajili wa chuo chako, kwa fomu, kabla ya tarehe yake. Tarehe ikanipita. Na sisi wa visa ya mwanafunzi, F-1, tuna mzigo wa ziada: fomu ya I-20, ya kuombea visa hiyo, inatolewa na chuo chako, na lazima ubaki na masomo kamili, krediti 12 kwa muhula walau. Kuacha darasa moja kiholela kunaweza kugusa visa. Niliitwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni nikakaa pale mikono inanitoka jasho huku nje ni kipupwe. Walinisaidia, lakini ile alama ya F iko kwenye hati yangu mpaka leo.

Kuna raha moja hukuiuliza. Vyuo vile vina kituo cha lugha, na Kiswahili kinafundishwa. Nikaajiriwa kuzungumza na wanafunzi, saa kadhaa kwa wiki. Kijana mmoja alikuwa kila akinikuta ananiambia "shikamoo", nami nimemzidi miezi minne. Nikamwitikia "marahaba" muhula mzima, sikuwa na moyo wa kumkatiza.

Fanya hivi wiki hii. Andikia msajili wa kila chuo, si ofisi ya udahili, maana udahili kazi yao ni kukuvuta. Taja somo lenyewe. Uliza: je, naweza kuhitimu nalo kama somo kuu, au ni madarasa tu? Uliza ni madarasa mangapi lazima yawe ya nyumbani. Omba majibu kwa maandishi, kisha yaweke hapa tuyasome pamoja.

Koti usinunue huko. Mimi langu nilitoa mitumba ya Kongowea kabla ya kupanda ndege, na nimelivaa miaka yote minne. Viatu ndivyo vilivyoniumbua, hivyo kanunue huko huko.