Re: Miguu kufa ganzi wiki 3 baada ya sumu ya dawa ya nyanya

Salamu ndugu. Kwa hiyo kaka yako wa Subukia alilewa dawa akipulizia nyanya, akalazwa, akaruhusiwa, na sasa wiki ya 3 nyayo zinawaka na ndala inamvuka bila yeye kujua. Tafadhali msiseme ni uchovu. Mume wangu alipitia hayo hayo hapa Bahati.

Kwanza angalia shingo na pumzi. Alale chali, ainue kichwa kutoka kwenye mto. Akishindwa, au akihema kwa shida, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo. Udhaifu huo huja zaidi kati ya saa 24 na 96 baada ya sumu, lakini kumwangalia ni dakika moja tu.

Ganzi inayoanzia miguuni wiki 1 hadi 3 baadaye ni jambo lingine. Baadhi ya dawa za kuua wadudu za jamii ya oganofosfeti huharibu mishipa mirefu ya fahamu, na sindano za atropini zilizomwokoa haziwezi kuzuia hilo. Mkienda hospitali beba chupa ya dawa aliyopulizia, au piga picha lebo yake. Sisi tulikuwa tumeichoma, daktari akabaki kubahatisha.

Omba kipimo cha mishipa ya fahamu, na mazoezi ya tiba yaanze mapema. Mume wangu alikuwa akiinua goti juu kama anayevuka mtaro, vidole vikiburuta chini. Akapewa kifaa cha kushikilia kifundo, nami nikamnyoosha misuli kila asubuhi kabla ya chai. Ilichukua miezi, mguu wa kushoto bado una ganzi. Na pampu ya kupulizia asiiguse tena.