Neno "bado": kwa wanaoingia kazi ya ROV wakiwa watu wazima

Kila msimu wanakuja wengine. Fundi majokofu aliyelea vyumba vya baridi pale soko la samaki la Feri, Dar, mtu wa minara ya simu ambaye magoti yamekataa kupanda, fundi haidroliki wa winchi za bandarini. Wote wamevuka miaka 40, wote wanataka ROV, yaani roboti za chini ya bahari zinazoendeshwa kwa kebo kutoka melini. Karibuni sana. Kazi hii inawahitaji ninyi kuliko inavyomhitaji kijana aliyemaliza chuo jana. Lakini kuwatazama mkirudia makosa yetu, moja baada ya jingine na kwa mpangilio ule ule, kunauma. Haya tumeyaandika kwa mtu ambaye tayari anajua mega, kile kifaa cha kupima kinga ya nyaya za umeme, na amewahi kufungua pampu.

1. Meli haichukui rubani, inachukua fundi anayejua pia kuendesha. Kwa chombo (ndivyo tunavyoiita ROV) cha kazi nzito, shifti ya saa 12 mara nyingi ina watu watatu, na hakuna kiti cha mtu wa joistiki peke yake. Chombo kikiwa juu ya deki, na hukaa deki muda mrefu, kazi ni konekta, mafuta, nyaya na fiba. Ndiyo maana tunasikitika mtu anapochukua mafao yake ya NSSF na kuyamimina kwenye kozi ya wiki chache ya kuendesha kwa kompyuta nje ya nchi, akiamini cheti kile ni leseni. Leseni ya namna hiyo haipo. IMCA, chama cha kimataifa cha wakandarasi wa baharini, kina miongozo ya umahiri na ngazi zake: rubani fundi daraja la 2, daraja la 1, kisha kuelekea usimamizi. Chenyewe hakimpi mtu cheti cha urubani wa ROV. Mwajiri ndiye anayekupima kazini, na mlangoni anauliza ufundi wako kwanza. Cheti cha umeme cha VETA Chang'ombe au diploma ya DIT, pamoja na miaka 15 ya kushika spana, vina uzito kuliko kozi ile. Kozi si mbaya, ila ije baadaye, na ikiwezekana kwa fedha ya kampuni.

2. Anza na daktari. Presha na sukari za umri wetu zimewarudisha watu nyumbani wakiwa wameshalipia kila kitu kingine. Cheti cha afya cha OEUK, chama cha kampuni za nishati ya baharini za Uingereza, hudumu miaka 2 tu, BOSIET, mafunzo ya usalama ya kwenda kwenye majukwaa ya mafuta na gesi, miaka 4, mafunzo ya msingi ya STCW, ya usalama wa mabaharia, ambayo unayapata hapa hapa DMI, chuo cha bahari cha Dar, miaka 5. Ukichukua BOSIET leo bila kazi mkononi, siku zake zinaanza kuliwa leo. Ile T-BOSIET ya maji ya joto ni nafuu, lakini haikufikishi kwenye majukwaa ya Uingereza. Na kama maji yanakutisha, yazoee mapema, kwa sababu kwenye zoezi la helikopta la BOSIET unageuzwa kichwa chini majini ukiwa umefungwa mkanda.

3. Usikae Dar ukisubiri gesi ya kina kirefu. Zafarani, kisima cha gesi cha pwani yetu ya kusini, kiligunduliwa mwaka 2012, kwenye maji ya kina cha karibu mita 2,500, na mradi wa kiwanda cha gesi cha Lindi bado uko mezani. Wakati huo huo Coral Sul, kiwanda cha gesi kinachoelea cha Msumbiji, imekuwa ikisafirisha gesi tangu 2022 kutoka eneo lenye kina cha kama mita 2,000. Kuna kebo ya umeme ya Ras Kiromoni hadi Fumba, Zanzibar. Kuna mikongo ya intaneti, na tarehe 12 Mei 2024 nchi nzima ilijua umuhimu wake pale EASSy na SEACOM zilipokatika. Kuna boya la kushushia mafuta nje ya Mjimwema, nguzo za gati, matumbo ya meli, mabwawa. Kazi hizi nyingi hufanywa na chombo kidogo kinachobebwa na watu wawili. Anzia hapo. Chombo kidogo kinafundisha karibu kila kitu ambacho kikubwa kitakudai, na kikizama hasara yake inalipika.

4. Oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji kupita kwenye kifuniko. Hapa tutakaa, kwa sababu hili ndilo kosa ambalo karibu kila mmoja wetu amelifanya, na tulilifanya tukiwa watu wazima wenye akili timamu.

Jinsi linavyotokea ni ile ile siku zote. Kopo la kamera, yaani kasha lisiloingiza maji, limefunguliwa deki, saa kumi alfajiri. Kusi inavuma na inabeba chumvi na vumbi. Msimamizi anaita redioni kwamba meli imeshakaa juu ya eneo, kila mtu anasubiri. Fundi anafuta oringi kwa tambara la pamba lililokuwa mfukoni, anapaka grisi nene akidhani wingi ndio ulinzi, anafunga nati upande mmoja kisha wa pili. Kwenye orodha ya ukaguzi kuna mstari unaosema kipimo cha vakyumu, cha kunyonya hewa ya kopo kuona kama linavuja, kimefanywa. Hakikufanywa. Anaweka tiki. Tunakiri wazi: tuliweka tiki hiyo. Tulijua wazi kwamba kipimo kinahitajika. Kilichotushinda ni kusema "bado" mbele ya watu.

Uzi mmoja wa pamba ukilala juu ya oringi unatosha. Unywele unatosha. Watu wengi hudhani kopo litavuja likifika kina kikubwa, lakini mara nyingi huvuja mita za mwanzo. Kina kikiongezeka, mgandamizo wa maji unaisukuma oringi ibane zaidi kwenye mfereji wake. Huku juu hakuna cha kuibana isipokuwa jinsi ulivyofunga. Kwa hiyo chombo kikishaingia, kisimamishe kwenye mita 5 hadi 10, tazama vihisi vya maji na usomaji wa kinga ya umeme (jinsi umeme ulivyotengwa na maji) kwa dakika chache, ndipo ushuke. Na kumbuka ukubwa wa nguvu unayocheza nayo: kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 10, kwenye mita 100, kinasukumwa kwa uzito wa kama kilo 800.

Utaratibu wenyewe ni huu. Suuza kopo lote kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kulifungua, likauke. Lifungulie ndani, mbali na upepo. Toa oringi kwa kijiti cha plastiki au mbao, kamwe si bisibisi, maana mkwaruzo kwenye mfereji hautibiki kwa oringi mpya. Safisha mfereji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti, kisha umulike kwa tochi ya pembeni. Pitisha oringi yote kati ya vidole viwili, ivute kidogo, tafuta mkato au sehemu iliyobapa. Ukiwa na shaka, tupa, bei yake ni ndogo mno kwako kuibishania. Grisi ya silikoni iwe utando tu, oringi ing'ae bila madonge, kwa sababu donge hushika mchanga. Funga nati kwa msalaba, raundi mbili au tatu. Kisha vakyumu: vuta hewa kwa pampu ya mkono, ngoja dakika 15 kwa saa na si kwa kukisia, na sindano ya geji ikirudi, fungua uanze upya. Baada ya hapo rudisha kizibo cha tundu la hewa ulilopimia. Makopo mengi yaliyopita kipimo vizuri yamejaa maji kwa sababu kizibo hicho kilibaki mezani.

Sehemu inayouma zaidi inakuja baada ya maji kuingia. Kengele ya kinga ya umeme inalia, usomaji unashuka, na mtu mzima aliyekuwa bosi mahali alikotoka anainyamazisha kengele, anatumaini. Maji ya chumvi yenye umeme ndani yake hula shaba kwa dakika, na kila dakika ya ukimya inageuza kadi ya elektroniki inayookoka kuwa kadi ya kutupa. Sema papo hapo, kata umeme wa kopo hilo, pandisha chombo. Deki usisimame mbele ya kifuniko: kopo lililoingia maji kina kirefu linaweza kurudi juu likiwa na mgandamizo ndani, na kifuniko kikatoka kama risasi. Legeza tundu la hewa polepole ukiwa pembeni. Kadi zisuuzwe kwa maji safi mara moja, kisha spiriti, kisha zikaushwe. Betri ya lithiamu iliyolowa itengwe nje, mbali na watu, wala isichajiwe tena.

Sasa msimamizi wako. Huenda ana miaka 28, anakuita mzee, na anakuamkia shikamoo kabla ya kukupa amri. Mwitikie, kisha mwambie: "Bado dakika 15, kipimo kinaendelea." Hakuna msimamizi wa maana atakayekuchukia kwa sentensi hiyo. Tumewaona waliofukuzwa kwa tiki ya uongo. Wa kufukuzwa kwa kusema bado hatujamwona.

5. Chomoa kadi zote za elektroniki kabla ya kupima nyaya kwa mega, la sivyo volti 500 zako zitaua kile ulichokuja kukilinda.

6. Usitafute uvujaji wa haidroliki kwa mkono. Tumia kipande cha boksi, kwa kuwa mafuta ya bar 200 hupenya ngozi kwa tundu dogo kama la sindano, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata kama haliumi.

7. Kebo inayokwenda kwenye chombo cha kazi nzito hubeba volti zaidi ya 3,000. Kufuli na kibali cha kazi kwanza, hata kwa dakika moja.

8. Kwenye kuendesha, hesabu mizunguko. Kila ukigeuka duara kamili kulia, kebo imejisokota mara moja, na itabidi uigeuze kushoto kabla ya kupanda. Mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima na hukaza wakati wa kusi, kwa hiyo kebo ndefu inakuwa tanga: mkondo unaisukuma yenyewe, nayo inakuvuta wewe, hata kama propela zako zina nguvu. Jiweke upande ambao mkondo unaelekea baada ya kupita nguzo au bomba unalokagua, ili umeme ukikatika usukumwe mbali nalo badala ya kunasia ndani yake. Toa kebo inayotosha tu. Fundi majokofu huwa wanalielewa hili haraka, hatujui kwa nini, labda ni mazoea ya kupitisha mabomba mahali pembamba.

9. Daftari la saa zako lianze siku ya kwanza, hata kwa kazi ya bwawa, na lisainiwe siku hiyo hiyo, si mwezi ujao wakati msimamizi ameshashuka meli.

10. Anayekudai fedha ya usajili ili akupe kazi ya meli, achana naye.

11. Miwani ya kusomea, jozi mbili, na lenzi ya kukuzia yenye taa. Kuunga fiba au kulehemu pini za konekta ukiwa na miaka 45 bila miwani, kwenye meli inayoyumba, ni kazi itakayorudiwa na mtu mwingine usiku. Jozi moja ikae kwenye sanduku la zana, ya pili mfukoni, yenye kamba ya shingoni; zimedondoka nyingi baharini.