Banda la maonyesho lipange kwa macho ya anayepita

Wadau wa Mbeya na nyanda za juu kusini kwa ujumla, naona watu wameanza kuulizana habari za mabanda ya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, na swali kubwa ni fleksi, yani bango la kuchapisha, inachapishwa wapi kwa bei nzuri. Mimi nauza asali ya Chunya, nimepanga meza kwenye maonyesho mengi tu, na ninachowaambia ni kwamba kabla hujaenda kwa mchapaji jiulize kwanza mtu anayepita ataona nini.

Maana huyo mtu hana habari na wewe. Kamshika mtoto mkono, anasukumwa huku na huku, anatafuta mabanda ya mifugo, na wewe anakutupia jicho mara moja tu afu huyo kapita. Kwahiyo anachotakiwa kuona mwanzo kabisa ni UNAUZA NINI. Sasa angalia mabanda yetu, jina la biashara limejaa fleksi nzima, pembeni logo, afu neno asali au unga wa lishe liko chini kule limefunikwa na meza. Zile bango za kusimama nyingi zina urefu wa mita 2, meza inakuja kama sentimita 75, ukiliweka nyuma ya meza robo na zaidi ya bango imeshapotea, na wateja wawili watatu wakisimama mbele ndo kabisa, kinachobaki ni pale juu ya vichwa vyao. Jina la bidhaa liweke huko juu, herufi kubwa, za sentimita 10 hivi mtu anasoma vizuri akiwa mita 10 kutoka kwako. Namba ya simu nayo iende juu, watu siku hizi wanapiga picha bango na kuondoka.

Na Agosti huku kwetu mnaijua, asubuhi baridi, mchana upepo na vumbi. Bango la kusimama bila kufungwa litalala tu, lifunge kamba kwenye nguzo ya tenti. Kitambaa cheupe cha meza mimi sikishauri kabisa, ikifika saa sita kimeshakuwa na rangi ya vumbi, bora kitenge au kitambaa cha rangi iliyokolea, na uwe na kitaulo cha kufutia chupa kila mara.

Kuna kitu watu hawakiangalii, rangi ya turubai. Ukikaa chini ya turubai la bluu kila kitu kinakuwa na ubluu, unga unaonekana kama umeharibika na asali inakuwa nyeusi. Omba jeupe, kama limeshafungwa la bluu basi sogeza meza mbele kwenye mwanga. Asali kwenye chupa angavu inapendeza sana mwanga ukitokea nyuma yake, ila usiiache juani kutwa nzima, joto linaiharibu.

Bidhaa pia zisilale zote usawa mmoja. Chukua kreti za soda, zigeuze, funika na kitenge, panga kwa ngazi, kubwa nyuma ndogo mbele. Usijaze meza mpaka mtu aogope kushika kitu.

Bei andika jamani! Watu wetu wengi wanaona aibu kuuliza bei afu waondoke bila kununua, kwahiyo wanapita kimya. Kadi ndogo mbele ya kila saizi inatosha. Na kama unauza asali kama mimi andika na hii, kwamba asali halisi nayo huganda kwenye baridi, siyo kwamba imewekwa sukari, maana asubuhi ya Mbeya chupa zinaganda na mteja anaamini umechakachua. Mimi naweka chupa mbili pamoja, iliyoganda na ambayo haijaganda, zote za ndoo moja, mtu anauliza mwenyewe na mazungumzo yanaanzia hapo.

Anayekaa bandani asijifungie nyuma ya meza na simu. Mimi meza naiweka pembeni ili mtu aingie ndani, tunasimama wote upande mmoja, anaonja, vijiko vya kutupa na ndoo ya taka karibu. Msaidizi mchague anayejua kuongea na mzee wa Rungwe kwa heshima na kijana wa Soweto ya hapa mjini kwa lugha yake.

Lipa namba, ile ya kulipia kwa simu, ichapishe kubwa uibandike, chenji uwe nayo toka asubuhi. Na saizi ndogo zibebe nyingi kuliko unavyofikiri, maana watu wanatoka Sumbawanga, Njombe, Tunduma huko, wana mabegi na safari ya basi mbele yao, lita tano hawezi kubeba ila kachupa ka robo anachukua, na kama namba yako iko kwenye lebo atakupigia akiwa kwao.